Binti wa Kimarekani Asiyemwamkia Baba Yake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka siwezi kutulia kwenye kiti. Ni siku niliyosimama mbele ya wazazi wa Mitundu, kijana wa miaka ishirini hivi, nikamponda binti mmoja wa Kimarekani mpaka watu wakashika mbavu. Binti mwenyewe hakuwepo, maana alikuwa mtu wa ndani ya tamthilia. Niliyemuumiza ndiye aliyekuwepo, amesimama dirishani, na alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Nikueleze kwanza kwa nini nayasema haya sasa. Juzi kijana wangu alikuja likizo hapa Ikungi na wenzake wawili, wote wa chuo kikuu, wote wanasoma fasihi kama wewe. Wakakaa barazani kwangu wakijadili riwaya ya Mmarekani fulani waliyopewa waifanyie uhakiki. Mmoja akasema, "Mbovu ile." Mwingine akasema, "Takataka tupu." Wa tatu akacheka, akasema yeye aliishia katikati lakini uhakiki ameshaumaliza. Nikainuka, nikazunguka nyumba, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Mke wangu akaniuliza, "Baba Amani, umekalia siafu?" Sikuwa nimekalia siafu. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu ya zamani ikitoka kwenye vinywa vya watoto.

Mimi sikusoma. Darasa la saba, basi. Lakini usininyanyapae kwa hilo, mwanangu, maana mashine ya kukamua alizeti unayoisikia ikinguruma hapo nyuma ni yangu, malori yale mawili ni yangu, na nyumba hii niliipandisha tofali kwa tofali bila kumpigia mtu magoti. Yote hayo yalitoka kwa kuku. Hakuna mtu kati ya Itigi na Mitundu aliyemjua kuku kama mimi. Nilikuwa nikimshika tu, kabla sijamwinua, najua ana uzito gani na mwenye naye ana shida gani.

Na hapo ndipo ulipokuwa ujanja. Mnunuzi wa kuku hanunui kwa macho, hununua kwa mdomo. Unamshika kuku wa mtu, unambinya kidari, unampulizia manyoya uone ngozi, unakunjua bawa, halafu unaanza. Huyu mbona mwepesi. Huyu macho yake yana usingizi. Huyu amezeeka, utamchemsha mpaka kuni ziishe. Mwenye kuku anaanza kumwonea haya kuku wake mwenyewe, na bei inashuka yenyewe kama ndoo kisimani. Wenzangu waliniita Elia Kuku, na kuna akina mama waliokuwa wakiniona naingia kijijini na baiskeli yangu na tenga nyuma, wanafunga milango. Nilifurahi. Nilidhani ndiyo heshima.

Lakini soko lile lilikuwa na sheria yake, na mzee aliyeishika sheria hiyo alikuwa Mzee Mghanga, yeye aliyenifundisha biashara. Sheria ni hii: ponda utakavyo, ila ukishindwa kununua, humrudishi kuku kimya kimya. Unamrudisha na neno lake jema, kwa sauti, waliosikia ubaya wake wasikie na uzuri wake. "Ana miguu imara huyu." "Huyu atakuwa mtagaji." Neno la kweli, si la kubembeleza. Usipofanya hivyo umemharibia mtu soko, na siku nzima hakuna atakayemgusa kuku yule. Na juu ya yote, neno kideri halitajwi. Kideri ni ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima. Ukisema kuku wa mtu ana kideri na huna hakika, umemchomea banda.

Sasa sikia yaliyotokea.

Baba yetu alishafariki. Nyumbani tulikuwa Mama, mimi, na Neema. Neema alikuwa kidato cha tatu kwenye sekondari ya pale kwetu, na mimi ndiye niliyemsomesha, na sikuacha kumkumbusha. Shuleni palikuwa na mwalimu mmoja kutoka Iramba, Mwalimu Mkoma, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya vumbi. Alikuwa anasomea shahada ya juu huku anafundisha, na somo lake lilikuwa uhakiki wa riwaya na tamthilia za Wamarekani wa siku hizi. Watu walimcheka. "Mwalimu, sisi hapa tunahakiki mahindi kama yamekauka, wewe unahakiki Marekani?" Yeye akawa anacheka nao. Akaichukua tamthilia moja ya huko, akaigeuza kwa Kiswahili, akawafundisha wanafunzi waicheze, ili waende nayo Singida kwenye mashindano ya shule za mkoa. Mtu mkubwa katika tamthilia ile alikuwa binti, na binti huyo akapewa Neema.

Mwanangu, mdogo wangu alikuwa hajawahi kufika Singida mjini. Alikuwa hajavuka hata Itigi. Tangu apewe nafasi ile akawa halali vizuri. Alikuwa ananyonyoa kuku wangu huku midomo yake inacheza, anajifunza maneno. Basi kila asubuhi, akitoka kuoga, anatoka nje ya ua, anaingia tena, anapita mbele ya kiti kilicho kitupu, anachukua vikombe mezani, anaondoka. Hasemi neno. Anarudia. Anapita, anachukua vikombe, kimya.

Mama akashindwa kuvumilia. "Neema, wewe, kuna nini? Mbona unaingia kama mwizi?"

"Mama, hii ni tamthilia. Hapo kwenye kiti amekaa baba yangu."

"Baba yako amekaa halafu humwamkii?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mama."

"Nani kaandika?"

"Mmarekani."

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu mzima. Moyoni nilikuwa na kitu kinaniwasha, na nitakuambia ni nini: nilikuwa naona wivu. Mimi ninuke kinyesi cha kuku ili yeye avae gauni la Kimarekani. Sikulisema hilo. Lililokaa midomoni lilikuwa lingine, la heshima na mila.

Kukaitishwa kikao cha wazazi, maana maneno yalishasambaa kwamba watoto wanafundishwa kutoamkia wakubwa. Mzee Mghanga alikuwa mwenyekiti wa wazazi. Mimi nilikwenda kwa niaba ya marehemu baba yangu, nimevaa koti lake. Mwalimu Mkoma akaeleza. Akasema tamthilia inahusu mzee mmoja huko Marekani mwenye mgahawa mdogo kwenye kituo cha treni. Kampuni ya reli imeamua treni isisimame tena pale, inapita tu, lakini mzee kila asubuhi anapanga vikombe vya wasafiri. Akasema hiyo ni kazi kubwa, wataalamu wa huko wameiandikia mengi. Akasema watoto wataleta sifa. Wazazi walikuwa wanasikiliza, si kwa ubaya. Mama mmoja hata akasema, "Kumbe huko nako treni zinawasumbua."

Nikanyoosha mkono.

Ulimi uliponza kichwa, na wangu siku ile ulikuwa umenolewa. Nikamshika binti yule wa Kimarekani kama ninavyomshika kuku. Nikasema, ndugu wazazi, mimi tamthilia hii naijua, inachezwa uani kwetu kila asubuhi. Binti gani huyu anaamka, anampita baba yake mzazi kama anapita gogo la mti? Hana shikamoo, hana habari za kuamka. Kikombe anakiona, baba hamwoni! Watu wakaanza kucheka. Nikaongeza. Nikatembea mbele ya darasa nikimwigiza, nimebetua kiuno, nimebana midomo. Watu hoi. Na mzee mwenyewe, nikasema, mpumbavu huyo, anamwekea chai treni isiyosimama. Sisi tunaowauzia kuku abiria wa treni pale Itigi tungemcheka mpaka alie. Halafu, kwa kuwa kicheko ni kama pombe, ukipewa kidogo unataka tena, nikamalizia hivi: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu hana kamba, ana kideri. Mpelekeni Singida, awaambukize mabinti wa mkoa mzima!"

Darasa likalipuka. Mzazi mmoja akapiga meza, "Hakuna kwenda!" Wengine wakamfuata, "Hakuna kwenda!" Mwalimu Mkoma akaanza kukusanya karatasi zake, moja moja, anazilinganisha kingo. Nikageuka dirishani ili nione jinsi walio nje wanavyonifurahia, nikakutana na macho ya Neema. Hakulia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu unayejaribu kukumbuka jina lake, kisha akaondoka.

Mzee Mghanga hakucheka. Alisubiri kelele ziishe. Akaniambia, "Elia, simama."

Nikasimama.

"Tamthilia hiyo umeiona yote?"

"Nimeiona nyumbani, mzee."

"Nimekuuliza yote."

"Kipande, mzee."

"Kipande gani?"

"Hicho cha vikombe."

"Kwa hiyo umemsikia kuku akilia ndani ya tenga la mtu, hujamshika, hujampulizia manyoya, ukatangaza sokoni ana kideri. Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, mzee."

"Utamnunua?"

"Nani, mzee?"

"Kuku uliyemponda. Utamnunua au utamrudisha?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Elia Kuku leo kakamatwa na manyoya mdomoni," na kile kicheko kilichokuwa changu kikanigeukia.

Mzee akaendelea, polepole, hakupandisha sauti. Akasema kikao hakiwezi kuamua juu ya kitu ambacho hakuna mzazi aliyekiona. Tutakutana tena wiki ijayo. Mpaka hapo, Elia atakwenda shuleni kila jioni wanapofanya mazoezi, atakaa mpaka mwisho, na siku ya kikao atasimama pale pale aliposimama. "Kama ni mbaya, utatuonyesha ubaya uko wapi. Kama umeshindwa kumnunua, utamrudisha na neno lake. Na neno liwe la kweli. Hatutaki ubembeleze watu."

Nikaenda, mwanangu, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Siku ya kwanza nilikaa ukingoni mwa benchi, nawaza kuku wangu wa Itigi, nawaza treni ya kwenda bara itapita bila mimi. Nikawa nainuka, natoka nje, narudi. Mwalimu Mkoma hakunifokea. Akaniletea kiti, akakiweka karibu naye, akasema, "Karibu, mhakiki." Sikujua kama ananidhihaki.

Na nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika. Asubuhi ile baada ya kikao nilikaa uani nafunga kamba za kuku. Neema akatoka ndani. Akapita mbele yangu, akachukua ndoo, akaenda zake. Nikadhani hakuniona. Kesho yake akapita tena. Ananipita kama upepo. Mama alimwambia aniandalie uji, akaandaa, akauweka, akaondoka. Heshima yote ilikuwepo, uji ulikuwa moto, kijiko kipo, ila ile shikamoo kaka niliyokuwa nikiipokea kila siku bila kuisikia haikuwepo. Mwanangu, sikujua neno dogo vile lina uzito gani mpaka liliponyanyuliwa. Nilikuwa naondoka nyumbani na baiskeli yangu, nafika vijijini, nashika kuku, nasahau hata kuponda. Akina mama wakaniuliza kama naumwa.

Jioni moja kule mazoezini nikaketi mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza nikiwa nimetulia. Nikaanza kuona. Kijana wa yule mzee, kaka wa binti, akiingia anasema, "Habari za asubuhi, baba." Jirani akiingia, "Habari za asubuhi." Hata mzoa taka anapita dirishani anasalimia. Kumbe Wamarekani wale wanaamkiana! Na binti naye anamsalimia jirani, ila mzee peke yake hamsalimii. Nikainuka kwenye kiti. Nikamshika Mwalimu bega.

"Mwalimu, huyu binti ana adabu."

"Unasemaje?"

"Adabu anazo. Anamsalimia jirani. Salamu anamnyima baba yake tu. Kuna alichokijua."

Mwalimu akatabasamu, akasema, "Kaa, tazama."

Na kweli, sehemu ya pili inatoka. Nyumba nzima inadhani treni itarudi kusimama, kumbe yule mzee alishaambiwa zamani kwamba haitasimama tena kamwe. Akanyamaza. Akamwacha kijana wake, aliyetoka kuoa, amalize nguvu zake zote kujenga vyumba vya wageni watakaoshuka kwenye treni ambayo baba anajua haisimami. Vikombe vile vya asubuhi havikuwa tumaini. Vilikuwa uongo unaopangwa mezani kila siku. Binti aligundua, na hakuwa na nguvu ya kumwambia mama yake wala kaka yake, hivyo akachukua kitu kimoja tu kilichokuwa mali yake mwenyewe, salamu, akakifungia moyoni. Niliita utovu wa adabu, kumbe lilikuwa jeraha. Na aliyenifundisha kuliona jeraha hilo alikuwa nyumbani kwangu, ananiwekea uji kimya.

Nikamwambia Mwalimu, nina hakika hakuna mtaalamu wa Marekani aliyeliona hili la salamu, ni mimi Elia. Akacheka mpaka akavua miwani. "Wapo, ndugu yangu. Wameandika na kubishana. Lakini umeliona bila kusoma, hilo sitakunyang'anya." Na sitaki nawe uninyang'anye, mwanangu. Niliona.

Jioni zilizobaki akawa ananieleza kazi yake, tukitembea kutoka shuleni. Akasema wahakiki wa huko hawatazami kitu kimoja. Mmoja anasema mzee yule ni nchi yenyewe, inamwahidi kila mtu kwamba treni yake inakuja. Mwingine anasema achana na mzee, tazama nani anaosha vile vikombe kuanzia mwanzo mpaka mwisho: ni mama, na katika tamthilia yote hapewi hata hotuba moja. Mwingine anauliza, reli ile ilijengwa kwa jasho la nani, na mbona watu hao hawamo jukwaani? Nikasema, "Mwalimu, sasa nani kati yao ana haki?" Akaniuliza, "Kuku mmoja, wewe unamtazama nyama, mama mwenye naye anatazama mayai, mganga wa mifugo anatazama macho. Nani ana haki?" Nikasema wote, ila lazima kila mmoja awe amemshika. Akasimama njiani. "Hapo hapo," akasema. "Mhakiki akiniambia jambo, namwambia nionyeshe. Nionyeshe mstari. Asiponionyesha, anaongea na tumbo lake."

Na mwisho wa tamthilia, je? Mwisho wake ni huu. Binti amefunga begi lake. Ni jioni, jua limezama. Anapita mbele ya baba yake kwenda mlangoni. Mzee anainua kichwa, na yeye, baba mzima, anamwanza binti yake: "Habari za asubuhi, mwanangu." Jioni ile! Binti anasimama, amempa mgongo, mkono uko kwenye kitasa. Hapo pazia. Kama alijibu au hakujibu, mwandishi hakusema.

Sikulala vizuri. Asubuhi ya kikao nikamsubiri Neema uani. Alipotoka, nikafanya kitu ambacho kaka mkubwa hafanyi kwetu. Nikamwanza mimi.

"Neema, habari za asubuhi."

Akasimama. Akanigeukia, mikono kiunoni. "Kaka Elia, usiniigizie tamthilia yangu. Nenda kaseme pale ulipoiharibu."

Mama akacheka ndani ya nyumba. Nikavaa koti la marehemu, nikaenda.

Darasa lilijaa kuliko mara ya kwanza. Watu walikuja kunitazama mimi. Nikasimama pale pale. Nikasema, ndugu wazazi, wiki iliyopita nilisema binti huyu ana kideri. Nimemshika, nimempulizia manyoya. Hana. Nikaeleza yote, tangu vikombe mpaka vyumba vya wageni. Nikasema: nilimwita mzee yule mpumbavu. Si mpumbavu. Ni mwongo, na ni mwongo anayependa watoto wake, na hao ndio wabaya zaidi, maana uongo wao ni mtamu. Nikasema na kasoro ipo, sikuficha: mama wa nyumba ile amepunjwa, anaosha vikombe mpaka mwisho bila kupewa neno, na mimi kama mwandishi angekuwa hapa ningemuuliza. Lakini binti, nikasema, miguu yake ni imara. Anayejua thamani ya salamu ndiye anayejua kuinyima. Sisi hapa Mitundu tungemwelewa kuliko watu wote, kama tungemtazama mpaka mwisho.

Mzee mmoja akasema, "Basi atiwe shikamoo kidogo pale mwanzo, mambo yaishe." Watu wakaitikia, ndiyo, atiwe shikamoo. Mwalimu Mkoma akaanza kuinuka, nikamwahi. Nikasema, mzee wangu, ukitia shikamoo hapo umemchinja. Yote yaliyo ndani yanasimama juu ya salamu ile isiyotoka. Ukimwona kuku amesimama mguu mmoja, usimfunge ule wa pili ukidhani unamsaidia. Wakacheka, safari hii si kicheko kile.

Mzee Mghanga akauliza, "Na mwisho? Baba alipomwanza, binti alijibu?"

Nikasema, "Mzee, sijui. Nimeuliza. Hata wenye kitabu hawajui. Wanabishana mpaka leo."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona... naona hakujibu."

"Alijibu!" akasema mama mmoja mbele, kwa hasira kama nimemtukana. "Binti akianzwa na baba yake lazima ajibu."

"Hajibu," akasema mzee mwingine. "Mimi nina binti, namjua. Hajibu mpaka mwaka wa pili."

"Basi hukumlea!"

"Wewe ulimlea wa kwako?"

Ukawa ubishi. Mwalimu anatazama huku, anatazama kule, karatasi zimemdondoka, haziokoti. Watu waliokuwa wakisema hakuna kwenda sasa wanasimama kwenye madawati wanaeleza mkono wa binti ulivyokuwa kwenye kitasa, kitasa ambacho hawajakiona. Mzee Mghanga akaacha ubishi uende, kisha akagonga meza kwa fimbo. "Kitu ambacho hakina nyama hakigombewi hivi," akasema. "Waende Singida. Na kabla ya kwenda, waicheze hapa, tuone wenyewe."

Wakaicheza. Kisha wakapanda lori, wakaenda Singida, nami nikapanda nao na matenga yangu, kwa kisingizio cha biashara. Neema aliniamkia asubuhi ya safari, mbele ya wenzake, bila mbwembwe, kama vile hakuwahi kuacha. Nikaitikia marahaba, nikageukia kamba za matenga ambazo zilishafungwa tayari.

Ukumbi ulikuwa mkubwa. Nilisimama nyuma kabisa. Ilipofika mwisho, baba akamwanza, Neema akasimama na mgongo wake, mkono kwenye kitasa. Akasimama. Watu wakaanza kukohoa. Akasimama tu. Nikawa nachezesha vidole, natamani kupiga kelele, mjibu basi au ondoka! Taa zikazimwa. Baadaye mzee mmoja kati ya waamuzi akainuka, akamuuliza mdogo wangu mbele ya watu wote: binti, wewe uliyekuwa pale mlangoni, ulijibu au hukujibu? Neema akasema, "Nilijibu, mzee. Lakini kimoyomoyo, maana hakuwa amemaliza kuniambia ukweli." Makofi yakajaza ukumbi. Watoto wetu hawakuwa wa kwanza, walikuwa wa pili. Mimi naendelea kusema walionewa.

Sasa, mwanangu, nimefika kwenye neno langu. Wewe unasoma vitabu vya Wamarekani, umepewa uvihakiki, na unataka kazi iishe usiku mmoja. Nakujua, nami nilikuwa na damu hiyo hiyo inayochemka. Nakuambia: kuponda ni kazi rahisi, inafanywa hata na mtu aliyelala. Soma mpaka mwisho ndipo useme. Ukiona mtu wa kitabuni anafanya jambo ambalo kwenu ni aibu, usikimbilie kusema hana adabu. Uliza kwanza kwao lina maana gani, kisha uliza kwenu lina maana gani, na mahali hayo mawili yanapogongana, hapo ndipo pa kuchimba. Ukisema jambo, onyesha mstari. Ukikosoa, kosoa bila woga, hata kama mwandishi ni mkubwa kuliko mlima, lakini usikatae kumpa lililo lake. Na ukigundua ulikosea, usinong'one. Simama pale pale uliposimamia mwanzo, kwa sauti ile ile, uwaambie wale wale waliokusikia. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo litakalokufanya uwe msomi. Mengine yote utafundishwa darasani.

Nenda sasa. Mungu akupe masikio yanayosikia na lile lisilotamkwa. Kalamu yako iwe nzito mbele ya waongo na nyepesi mbele ya waliojeruhiwa. Upate mwalimu atakayekuvutia kiti hata ukija kwa shari, na ukichoka upate mtu wa kubishana naye kwa heshima mpaka mcheke. Uende na kurudi salama, na lolote utakaloliandika, mama yako aweze kulisikiliza mpaka mwisho bila kuinamisha kichwa. Amina.